RAV4 ya 2002 inavuja oili: mafundi wawili, majibu mawili

Mwenye gari, Morogoro

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2002, yenye injini ya 1AZ-FSE ya lita 2, giaboksi ya otomatiki na mfumo wa kuendeshwa na magurudumu yote manne. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiitumia hapa nchini, na tangu niichukue, kila asubuhi huacha doa la oili sakafuni, ukubwa wa kiganja cha mkono. Nikisimama kwenye foleni baada ya safari ndefu husikia harufu ya oili inayoungua, ingawa sijawahi kuona moshi kwenye eksozi wala taa nyekundu ya oili kuwaka. Kijiti cha kupimia huonyesha kwamba oili inapungua, lakini si kwa kasi ya kutisha.

Fundi wa kwanza aliingia chini ya gari, akapitisha kidole pale injini inapoungana na giaboksi, kikatoka kimelowa, akasema ni sili ya nyuma ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kwamba lazima giaboksi ishushwe. Wa pili alisema ni gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na akataka kupaka silikoni kwa nje siku hiyohiyo. Gharama za kazi hizi mbili zimepishana mno, na hakuna hata mmoja wao aliyeinama kuangalia injini kutoka juu. Je, mtu anawezaje kujua kwa uhakika oili inatokea wapi kabla hajafungua chochote?

Fundi, Dar es Salaam

Mkuu, hapo ulipoishia ndipo pa kuanzia. Oili ikitoka juu hushuka yenyewe, na gari likiwa barabarani upepo unaopita chini huisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo upande wa chini na wa nyuma wa injini hulowa hata kama chanzo kiko juu kabisa. Kidole kilicholowa pale kwenye giaboksi kinathibitisha kwamba oili imefika hapo, basi. Gerejini tunatafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, hata kama ni unyevu kidogo, kisha tunafuata mkondo kwenda chini.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini. Tandaza kadibodi safi chini ya gari usiku, uweke alama mahali yalipo magurudumu ya mbele ili ujue tone limeangukia usawa gani. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Ya giaboksi ya otomatiki na ya usukani huwa na wekundu, ingawa ikizeeka nayo hugeuka kahawia, hivyo usiamini rangi peke yake. Na ile ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ni nzito, ina harufu kali inayofanana na kiberiti. Kwa gari lako jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu pale injini inapokutana na giaboksi kuna sili mbili zinazotazamana, moja ya krankshafti na nyingine ya giaboksi, na zote huvujia tundu lilelile.

Baada ya hapo osha injini ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi, ukiwa umefunika alternata na koili za plagi kwa mifuko ya nailoni. Usiruhusu kijana wa kuoshea magari aielekezee pampu ya maji kwa nguvu. Nimeona magari mengi yakianza kukosa moto silinda moja kwa sababu hiyo. Ikaushe vizuri, endesha kama nusu saa hadi oili ishike moto, kisha angalia kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Ukiona unyevu lakini mkondo haueleweki, kausha tena na upulizie poda nyepesi ya mtoto kwenye eneo unaloshuku, kwa sababu oili ikipita juu ya poda huacha mstari mweusi unaoonekana waziwazi.

Kwenye injini za 1AZ mimi huanzia kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Gasketi yake ni ya mpira, na ikikaa miaka mingi kwenye joto hukauka ikawa ngumu kama plastiki. Chomoa koili moja moja. Ukikuta oili ndani ya tundu la plagi, sili za matundu hayo zimechoka, na ukingo wa nje wa kava huenda uko katika hali hiyohiyo. Oili inayotoka ukingoni huteremka juu ya ukuta wa giaboksi na kudondoka mahali palepale ambapo fundi wako alipitisha kidole, na ikigusa bomba la eksozi lenye moto, hiyo ndiyo harufu unayoisikia kwenye foleni. Sili ya nyuma ya krankshafti iko chini, kati ya injini na giaboksi, na kwa kawaida haileti harufu hiyo, kwa hiyo maelezo yako yenyewe yananifanya nielekee juu.

Kisha angalia tenshona ya cheni, yaani kifaa kinachokaza cheni ya taimingi inayooanisha valvu na pistoni. Iko ubavuni mwa injini, upande wa mikanda, imefungwa kwa nati mbili ndogo, na sili yake ikiisha oili huteremka kwenye kava la cheni hadi kwenye sampu, ndiyo maana wengi hulaumu sampu. Huko huko kagua valvu ya kudhibiti oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), na pembe ambazo kava la cheni linakutana na silinda hedi. Shuka hadi kwenye swichi ya presha ya oili na filta. Wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeng'ang'ania, filta mpya ikafungwa juu yake. Kuhusu sampu yenyewe, kwenye injini hii haina gasketi ya kukata, bali hufungwa kwa silikoni maalumu inayopakwa ndani ya kingo safi zilizokauka. Kupaka kwa nje juu ya oili ni kupoteza silikoni.

Mwenye gari, Mbeya

Naomba kuongezea jambo ambalo husahaulika: valvu ya PCV, ile inayoruhusu gesi za ndani ya injini zirudi kwenye hewa inayoingia ili zichomwe. Ikiziba, presha hupanda ndani na oili husukumwa kupitia sili yoyote iliyo dhaifu, na utabadilisha gasketi leo ianze kuvuja tena baada ya muda mfupi. Ichomoe na uitikise: nzima husikika ikigonga ndani, iliyoziba hukaa kimya. Kipimo kingine ni kuacha injini iungurume taratibu, uondoe kifuniko cha kuwekea oili na ufunike tundu kwa mfuko mwembamba wa nailoni. Mfuko ukivutwa ndani kidogo, mfumo unafanya kazi. Ukituna kama puto, ama PCV imeziba ama pistoni zinapitisha gesi nyingi, na hapo inabidi upime kompresheni kabla ya kununua sili yoyote.

Kwa kuwa injini yako ni ya D4, yaani petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, nusa pia oili kwenye kijiti. Pampu ya petroli ya shinikizo kubwa huendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), na ikichakaa petroli inaweza kupenya kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kiwango cha oili kinachopanda chenyewe ni habari mbaya kuliko kinachoshuka.

Mwenye gari, Nakuru

Nakubaliana na ndugu waliotangulia, isipokuwa kwenye poda. Poda inafaa kwa uvujaji mdogo ulio wazi, lakini kwa injini iliyobanana kama hii mimi ningetumia rangi ya kumulikwa: unaimimina kwenye oili, unaendesha gari kwa siku kadhaa, kisha mekanika anamulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno gizani na chanzo kinang'aa chenyewe. Kichupa chake ni nafuu sana kuliko kushusha giaboksi, hasa kwenye gari lenye transfa (gia inayopeleka nguvu nyuma) na shafti ya kwenda nyuma ambazo nazo ni lazima zitolewe.

Utashauriwa pia uweke oili nzito ya 20W-50 ili uvujaji upungue. Utapungua, ni kweli, lakini mfumo wa VVT-i hutegemea oili inayopita upesi kwenye vipenyo vidogo, na asubuhi za baridi injini italalamika. Dawa za kuzuia uvujaji hulainisha mpira uliokauka kwa muda. Hazizibi silikoni iliyoachia.

Mwenye gari, Morogoro

Nashukuru sana wakuu. Nimeosha injini kama nilivyoelekezwa na nikaikagua nikiwa na fundi wa tatu. Matundu mawili ya plagi yana oili, ukingo wa nyuma wa tapeti kava umelowa, na mkondo unashuka hadi kwenye giaboksi. Tenshona nayo ina unyevu kuizunguka. Valvu ya PCV haikutoa sauti yoyote. Chini, tulifuta pale kwenye maungio ya giaboksi, tukapaka poda, na baada ya kuendesha alama zote zilikuwa zinatokea juu. Je, vyote hivi vifanywe kwa pamoja?

Fundi, Dar es Salaam

Ndiyo, kwa pamoja. Nunua gasketi ya kava pamoja na sili za matundu ya plagi, sili ya tenshona na valvu ya PCV, na usikubali gasketi ya bei ya kutupa, kwa sababu hukauka mapema. Fundi apake silikoni kidogo pale tu ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi, asizungushe kava zima, kwani mabaki yanayomong'onyoka ndani huishia kwenye chujio la pampu ya oili. Bolti za kava ni za spana namba 10 na hukatika upesi, hivyo zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje.

Kwenye tenshona awe makini zaidi: ikiwa nje, injini isizungushwe hata kidogo, na kabla ya kuirudisha pini yake isukumwe ndani na kushikwa kwa ndoano yake, iachiwe baada ya kufungwa. Nimepokea injini iliyopoteza taimingi kwa sababu mtu alijaribu kuwasha gari tenshona ikiwa mezani. Sili ya nyuma iache kwanza. Osha tena mkimaliza, na ukiona maungio ya giaboksi yamelowa ilhali juu kote ni kukavu, hapo ndipo utakuwa na sababu ya kuishusha.