Commodore 64 ya marehemu baba mdogo: ya Hamburg au ya Marekani?

BinMakorora
Wakuu, anayezijua mashine hizi anisaidie. Marehemu baba mdogo alikuwa baharia, na mwaka 1987 alishuka Tanga na Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani, ile ya kahawia yenye umbo la boflo. Imekaa miaka juu ya kabati la shangazi, imeviringishwa kanga. Shangazi anashikilia ilinunuliwa Hamburg. Kibandiko cha chini kimebanduka, imebaki gundi.

Chaja yake ilipotea, nikapata nyingine ya Uingereza kwa jamaa wa Dar. Fundi mmoja akaichomeka kwenye TV ya chogo kwa waya wa antena. Picha nyeusi na nyeupe, inapanda juu bila kutulia, sauti hakuna. Akasema imekufa, anipe elfu ishirini abaki nayo ya vipuri. Nikakunja kanga yangu nikaondoka.

SahaniYaShaba
Ulifanya la maana kuondoka. Mashine iliyokufa haitoi picha ya kupanda, inatoa giza.

Fundi aliikamata chaneli ngapi? Za Ulaya hurusha UHF, chaneli ya 36. Za Marekani hurusha VHF, ya 3 au ya 4, na nyuma zina swichi ndogo ya L na H ya kuchagua. TV zetu ni PAL, mfumo wa picha wa Ulaya; wa Marekani ni NTSC. C64 ya PAL huchora mistari 312 mara 50 kwa sekunde, ya NTSC huchora 263 mara 60. Ukiilisha TV ya chogo ya PAL hiyo ya pili, ndiyo unaona hayo uliyoyaona.

Achana na antena. Tafuta TV bapa ya Kichina, nyingi zinakubali PAL na NTSC. Kama soketi ya AV ina pini 8, picha ni pini ya 4, sauti ya 3, ya 2 ni graundi. Ikiwaka, andika PRINT PEEK(678) ubonyeze RETURN. 0 ni NTSC, 1 ni PAL.

mzee_wa_kaseti
Ila yale maandishi ya 38911 BASIC BYTES FREE ikiwaka yasikudanganye, kila C64 inaandika hivyo hivyo, iwe ya Ulaya au ya Marekani.

BinMakorora
Mkuu Sahani, jirani kaniazima TV. Rangi imetoka, buluu juu ya buluu, mpaka watoto wakapiga makofi. Jibu ni 0. Swichi ya L na H ipo, nilidhani ni ya sauti. Ila shangazi hajakubali, anasema nambari naweza kuiandika mwenyewe.

SahaniYaShaba
Hahaha, basi mpelekee chuma. Skrubu ziko chini, mbele. Fungua polepole, waya za kibodi ni fupi. Kwenye bodi za zamani chipu ya picha imefichwa ndani ya kiboksi cha bati. Kifuniko kinabanduka kwa bisibisi bapa, na juu ya chipu kuna uji mweupe wa kupozea, ufute ndipo usome. 6569 ni ya Ulaya, 6567 ya Marekani. Pembeni kuna kristali: 17.734475 ni PAL, 14.31818 ni NTSC.

PEEK peke yake nisingeiapia. Mashine ikiwashwa inapima tu kama mistari inafika 311. Argentina walikuwa na C64 za Drean, za PAL-N, chipu 6572. Nazo zina mistari 312, kwa hiyo zitakujibu 1 kama ya Hamburg. Kwako 0 imeshafuta zote mbili, lakini bodi hubadilishwa, na kasha halisemi kitu.

BinMakorora
Nimefungua. 6567R8, na kristali 14.31818. Nimempigia picha shangazi kwa simu, kaikuza, kavaa miwani, kaikuza tena. Kasema: "Basi Hamburg aliuziwa ya Marekani." Nimekosa la kujibu.

SahaniYaShaba
Huyo shangazi mheshimu, bandarini kila kitu kinauzwa.

Mawili tu. Kaseti na diski za michezo ya Ulaya zitakwenda mbio kwako, muziki hasa, na mingine itakwama. Na hiyo chaja inapitisha umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde kwenye mashine inayohesabu 60: saa ya ndani ya chipu iitwayo CIA itachelewa dakika 10 kila saa. Hilo si tatizo.

Tatizo ni chaja yenyewe. Hizo za zamani zikichakaa zinapandisha ile volti 5 na kuua chipu za RAM. Kabla hujawasha tena chukua mita, pima pini ya 5 na ya 2. Ukiona zaidi ya 5.2, itupe.

BinMakorora
Imesoma 5.6. Naomba mwenye chaja mpya anitajie bei.