Naomba ushauri: buibui wa kihambani, nitajuaje kama ni spishi mpya?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kibosho, Moshi. Tangu masika namfuatilia buibui anayefuma utando wa duara kati ya migomba na mibuni ya mama. Giza likiingia anafuma, alfajiri anaula wote, unabaki uzi mmoja tu. Mgongoni ana vinundu viwili na mstari mweupe kama chokaa. Nimempenda kwa kweli.

Nimelinganisha picha zangu na za Araneus na Neoscona, jenasi mbili za buibui wafumao utando wa duara, hafanani nao sawasawa. Ila rangi hudanganya, hata ndugu wa kifuko kimoja cha mayai hutofautiana. Wataalamu huangalia viungo vya uzazi kwa hadubini: kwa jike kibamba kilicho chini ya tumbo, kwa dume ncha za vile vipapasio vya karibu na mdomo. Ninao majike watatu kwenye spiriti ya asilimia 70, dume bado sijampata.

Je, nimsubiri dume, au niende hivi hivi TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) pale Arusha? Na kibali, nilipaswa kuwa nacho kabla ya kukusanya? Hili linaninyima usingizi. Aliyewahi kupitia njia hii anisaidie, hata kwa kunielekeza jinsi ya kumnasa dume bila kumvunja miguu.