Wabunge wa Marekani, pigeni kura ya kodi ya mafuta tujue nani yuko upande gani

Wakuu, huu ni mwaka 2022, na nimevumilia tangu wiki iliyopita Rais alipoomba kodi ya mafuta isimamishwe, leo acha niseme.

Jana alfajiri nilisimama kujaza dizeli kwenye vani yangu ya mizigo. Pampu ikakata yenyewe kwenye dola 125, tenki halijajaa. Kadi ina kikomo, kwa hiyo ikabidi niichomeke upya na kuanza tena kama mteja aliyefika sasa hivi. Miaka yote niliyoendesha hapa Marekani sijawahi kulipia tenki moja mara mbili. Wakati nasubiri nikasoma kile kikaratasi cha kodi kilichobandikwa ubavuni mwa pampu: kodi ya serikali kuu, petroli senti 18.4 kwa galoni, dizeli senti 24.4.

Juni 22, 2022 Rais Biden aliliomba Bunge lisimamishe kodi hiyo kwa miezi mitatu, hadi mwisho wa Septemba. Ombi likawekwa mezani. Wamefanya nini? Wamefunga mafaili na kwenda mapumziko ya Julai 4! Na msiniambie wameshtukizwa. Tangu Februari 2022 kulikuwa na muswada wa maseneta Mark Kelly na Maggie Hassan wa kusimamisha kodi ya petroli hadi mwaka uishe. Februari mpaka leo! Katikati ya Juni petroli ikavuka wastani wa dola 5 nchi nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea, na muswada ukabaki umelala.

Kuna wanaosema senti 18 au 24 ni kitu gani. Basi nawapigia hesabu yangu. Najaza galoni 25, mara nne kwa wiki. Hizo ni galoni 100, yaani dola 24.40 kila wiki. Kwa miezi mitatu inapita dola 300. Tairi zangu mbili za mbele zimebaki kipara tangu Aprili na naziahirisha kila mwezi kwa sababu hela yote inaishia kwenye tenki. Natembea barabara kuu na mzigo wa watu juu ya tairi hizo. Anayeona dola 300 ni ndogo hajalala akiwaza mvua.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni barabara. Kodi hii inaingia kwenye Mfuko wa Barabara Kuu ulioanzishwa 1956, na wanasema tukiigusa madaraja yataoza. Mimi ndiye nipitaye kwenye hayo madaraja kila siku, siombi yaoze. Lakini semeni ukweli wote: kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1993, na tangu 2008 mfuko unajaziwa kutoka hazina kuu kwa sababu kodi peke yake haitoshi. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliuongezea dola bilioni 118. Miezi mitatu aliyoomba Rais ingegharimu kama bilioni 10, na mwenyewe alisema fedha hizo zifidiwe kutoka kwingine. Zile zilipatikana, hizi zinashindikanaje?

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nakubali: kampuni za mafuta zitameza punguzo. Wengi hawajui kwamba kodi hii haikusanywi pale pampuni. Inalipwa kwenye bohari, mafuta yanapopakiwa kwenye malori ya tenki. Kwa hiyo ikifutwa, anayeiona kwanza ni msambazaji, siyo mimi. Lakini hilo limeshajaribiwa. Machi 2022 majimbo ya Maryland na Georgia yalisimamisha kodi zao za mafuta, na utafiti wa Penn Wharton, watafiti wa bajeti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka Juni 2022 ulionyesha kwamba Maryland asilimia 72 ya punguzo ilimfikia mnunuzi, Georgia kati ya 58 na 65. Siyo yote, na hiyo iliyobaki inaniuma. Dawa yake ni wabunge kuandika sheria yenye meno, wakague bei za bohari na za pampu kila wiki. Wana mamlaka hayo. Kuogopa kwamba mtu ataiba siyo sababu ya kuninyima na kile ambacho kingenifikia.

Kinachonichemsha hasa ni huku kujificha. Mwaka 2008 wagombea urais John McCain na Hillary Clinton walitaka kodi hii isimamishwe majira ya joto, Barack Obama, mgombea mwenzao, akapinga hadharani katikati ya kampeni. Mimi nisingekubaliana naye, lakini kila dereva alijua amesimama wapi. Hata mwaka 2022 Peter DeFazio, aliyekuwa akiongoza kamati ya uchukuzi ya Baraza la Wawakilishi, alisema wazi hataki kodi isimamishwe. Sawa, huyo namjua. Wengine wengi wanasema "tunaangalia", "tunasikilizana", wa chama cha Democrats na wa Republicans. Mnaangalia nini tangu Februari?

Juzi nilipiga simu ofisi ya mbunge wangu. Kijana aliyepokea aliniuliza msimbo wa posta, nikamsikia anabofya anaandika. Nikamuuliza swali moja: mheshimiwa anaunga mkono au anapinga? Akasema mheshimiwa bado hajatoa msimamo. Nikamuuliza atautoa lini. Akanishukuru kwa kupiga simu.

Mlioko huku Marekani, pigeni ofisi za wabunge wenu wiki hii kabla hawajarudi kikaoni. Ulizeni hilo hilo moja. Atakayejibiwa ndiyo au hapana aandike hapa chini, jimbo na jibu.