Mume wangu anastaafu na hesabu ya mafao imetugombanisha: ni kikokotoo au kuna jambo analonificha?

Mke wa Mwalimu, Morogoro

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na mwakani anatimiza miaka 60, akiwa na miaka 32 ya utumishi. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba akistaafu atalipwa mkupuo wa karibu shilingi milioni 80, kwa sababu mwalimu mwenzake wa daraja linalofanana na lake, aliyestaafu mwanzoni mwa mwaka 2022, alilipwa kiasi hicho. Mipango yetu yote tuliijenga juu ya fedha hiyo: kupaua nyumba ambayo kuta zake zimefika kwenye lenta, kumalizia ada ya chuo ya binti yetu wa mwisho na kufungua duka la pembejeo za kilimo. Sasa ananiambia tusitarajie hata milioni 50.

Kila ninapouliza zilizobaki zimekwenda wapi, jibu lake ni Bunge, mawaziri na kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Shemeji yangu akiwepo ndiyo kabisa. Mmoja husema wafanyakazi wameonewa, mwingine husema mfuko ungefilisika, wanabishana hadi chakula kinapoa, nami niliyeuliza habari ya mabati sipati jibu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kadi yake ya benki. Nilipomwomba nikatoe fedha za dawa za mama mkwe, alisema ameisahau shuleni. Mara nyingine akasema imemezwa na mashine. Mshahara ukiingia, huondoka jioni peke yake na kurudi na fedha taslimu ambazo hazifikii kiasi ninachokijua. Moyo wangu unaniambia kwamba ana nyumba nyingine na kwamba kikokotoo ni kisingizio tu. Je, inawezekana kweli mkupuo upungue kiasi hicho, au ninadanganywa?

Afisa Utumishi Mstaafu, Dodoma

Mama, nianze na hesabu, maana hiyo inaweza kuthibitishwa bila kumtuhumu mtu. Kabla ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa na kuwa PSSSF mwaka 2018, walimu wengi walikuwa wanachama wa mifuko ya PSPF au LAPF. Huko pensheni ya mwaka ilipatikana kwa kuzidisha miezi ya utumishi na mshahara wa mwaka, kisha kugawanya kwa 540. Nusu ya pensheni hiyo ilizidishwa kwa 15.5, na hicho ndicho kilichokuwa kiinua mgongo, yaani mkupuo; nusu nyingine ililipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mkupuo utokane na asilimia 25 ya pensheni kwa wote, badala ya nusu. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee. Kikokotoo kipya kilianza Julai 1, 2022, kikiwa na mkupuo wa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakipata asilimia 50 kwa utaratibu wa zamani, kama walimu, wakapandishwa hadi asilimia 40. Kigawanyo sasa ni 580 na kizidisho ni 12.5.

Tuseme wastani wa mshahara wa msingi wa mume wako, kwa miaka yake mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Miezi yake ya utumishi ni 384. Kwa utaratibu wa zamani angepata mkupuo wa shilingi 79,360,000 na pensheni ya kama 426,700 kila mwezi. Kwa utaratibu wa sasa anapata mkupuo wa kama shilingi 47,669,000 na pensheni ya kama 476,700 kila mwezi. Kwa hiyo mtu anayekwambia usitarajie milioni 50 huenda anakueleza ukweli mtupu. Weka mshahara wake halisi kwenye hesabu hiyo upate jibu lako. Mwambie pia afungue programu ya PSSSF Kiganjani kwenye simu yake mwone pamoja taarifa za michango, kwa sababu miezi ambayo haikuwasilishwa au tarehe ya ajira iliyoandikwa vibaya ni vyema ikashughulikiwa sasa, akiwa bado kazini.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Namshukuru mzee kwa hesabu, lakini dada asidhani kwamba hasira ya mume wake ni maigizo. Linganisheni tarakimu hizo wenyewe. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya shilingi milioni 31, na pensheni imeongezeka kwa shilingi elfu 50 hivi kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichoondoka, mstaafu wa miaka 60 anahitaji kuishi miaka mingine zaidi ya 52. Mtu aliajiriwa chini ya masharti fulani, akavumilia kuishi kwenye nyumba ya kupanga na kuchelewesha ujenzi kwa kutegemea masharti hayo, kisha yakabadilishwa akiwa amekaribia mlangoni. Kwetu sisi walimu mkupuo ndio nyumba yenyewe, kwa sababu mshahara hauachi akiba ya kujengea. Nyongeza ya kufikia asilimia 40 ilikuja kwa sababu watu walipaza sauti, ndani ya Bunge na nje yake, na ndiyo maana sikubali tukiambiwa kwamba mjadala huu ni kelele za siasa. Mume wako ana haki ya kuyalalamikia mabadiliko haya.

Mhasibu, Arusha

Naheshimu uchungu wa mwalimu, ila upande wa pili nao usemwe. Watumishi walioajiriwa serikalini kabla ya mwaka 1999 hawakuwa wakichangia pensheni yao, lakini PSPF iliwalipa mafao kamili kwa ahadi kwamba Serikali ingeirudishia. Deni hilo lilikaa miaka mingi, hadi mwishoni mwa 2021 Serikali ilipotoa hatifungani zisizo taslimu, yaani hati za ahadi ya kulipa baadaye, za shilingi trilioni 2.17 kulipia sehemu yake. Mfuko uliokuwa ukitoa zaidi ya unachopokea usingeweza kuendelea na asilimia 50 kwa kizidisho cha 15.5. Kwa wanachama wa mifuko mingine waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25, mabadiliko haya yalikuwa ongezeko, jambo ambalo halisemwi mara kwa mara.

Hata hivyo nakubali kwamba mfuko haukudhoofishwa na mwalimu. Yeye amekatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi bila kukosa. Kama mwajiri alichelewa kulipa, lawama ielekezwe huko, na sioni kwa nini mke wake aibebe nyumbani.

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Mwanangu, kaka zako wamejibu swali la mkupuo vizuri sana, lakini naona la kadi wamelipita, na ndilo linalokukosesha usingizi. Mimi nimekaa na watumishi wa hospitali kwa miaka mingi, na dalili ulizozitaja nimeziona mara nyingi bila kuwapo mwanamke wa pembeni. Mtumishi anabanwa na ada au msiba. Benki inamwambia kwamba makato yake ya mshahara yamefika kikomo, hivyo anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu, anaacha kadi na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anatoa kwanza chake, kisha anamkabidhi mwenye mshahara kinachobaki. Ndiyo maana mtu huondoka jioni na kurudi na fedha taslimu. Ndiyo maana pia hadithi ya kadi hubadilika, kwa sababu mwalimu anayeheshimika mtaani huona aibu kusema kwamba kadi yake imeshikwa na kijana wa dukani.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mumeo. Inawezekana hofu yako ni ya kweli. Lakini ukianza na tuhuma ya mwanamke mwingine na ikawa ni deni, utamfunga mdomo kabisa. Mwombe slipu ya mshahara na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Slipu itaonyesha mikopo rasmi, na taarifa ya benki itaonyesha fedha zinatolewa lini, kiasi gani na wapi. Ikiwa zinatolewa zote kwa pamoja mara tu mshahara unapoingia, muulize kwa upole nani ameishika kadi. Mkopeshaji asiye na leseni anavunja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo mna pa kusimama. Kaitazameni pia hati ya kiwanja kama bado ipo nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Na jambo moja la mwisho, mwanangu: usimuulize shemeji akiwepo. Mwanamume aliyekwisha kuanza kubishana kuhusu Bunge hawezi kugeuka papo hapo akaanza kueleza deni lake.

Mke wa Mwalimu, Morogoro

Nawashukuru nyote. Nimeweka mshahara wake halisi kwenye hesabu ya mzee wa Dodoma na nimepata kiasi kinachokaribiana sana na alichoniambia mume wangu, kwa hiyo kwenye mkupuo hakunidanganya na nitamwambia hivyo kwanza. Hati ya kiwanja nimeikuta kwenye sanduku lake la vyeti. La kadi bado sina jibu, ila Jumamosi shemeji atakuwa safarini, na nitaomba taarifa ya benki kama mama wa Tanga alivyonielekeza. Nimekubali pia kwamba duka lisubiri: milioni 47 zitatosha mabati, mbao, fundi na ada ya binti, na pensheni ya kila mwezi itabeba chakula na dawa za mama mkwe, mradi tu kadi iwe imerudi mikononi mwetu kabla pensheni ya kwanza haijaingia.