Nimeuziwa habu ya "inaingia tu", sasa baiskeli yangu ya tairi moja iko juu ya kabati

Wakuu, nina hasira. Nikivuka mipaka mtanisamehe.

Mimi ni mtu wa sarakasi hapa Mtwara mjini. Ugali wangu ni baiskeli ya tairi moja, inchi 20, na msimu wa korosho ni msimu wangu pia: watu wakishalipwa, harusi zinapangwa, na sisi tunaitwa.

Kwa asiyeijua, haina friwili wala cheni. Krenki (mikono ya pedeli) zimekaa moja kwa moja kwenye ekseli ya habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo kila ukiruka ukatua, kishindo chote kinaishia hapo. Ya kwangu ilikuwa ekseli ya ncha za mraba. Krenki ya kushoto inalegea, nakaza, inalegea, hadi tundu lake likapanuka likawa halishiki tena. Dawa ni habu ya aina iitwayo ISIS, yenye meno 10 kila ncha (huku kwetu jirani na mpaka jina hilo silipazi sauti, nasema "ya meno" tu).

Nikampata muuzaji wa Dar mtandaoni. Nikamwuliza: fremu yangu ni ya zamani, itaikubali? "Boss, inaingia tu." Na krenki je? "Zako hizo hizo, inaingia tu." Yeye aliuliza kitu kimoja, rimu ina tundu ngapi. 36. Nikatuma 280,000, mzigo ukaja kwa basi.

Sasa sikieni. Tundu 36 kweli, na kati ya beringi na beringi ni milimita 100 kama ya zamani. Baada ya hapo ni kilio. Beringi yangu ya zamani ni 6203, ambayo hata duka la spea za pikipiki unaikuta: ndani 17, nje 40. Hii mpya ndani 22, nje 42. Milimita 2 hizo! Kishikizo cha beringi kwenye fremu ni cha 40, kifuniko hakifungi ng'o. Fundi wangu wa Chikongola, mzee mwenye heshima zake, akashika tupa: "Mwanangu, tukwangue kidogo." Nikamwambia hapana mzee wangu, nikaichukua tupa kwa adabu. Ukikwangua kwa mkono mviringo unaharibika, ukija kukaza unaibana beringi na gololi zinakwama.

Krenki ndiyo kichekesho. Tundu la mraba kwenye ekseli ya meno, muuzaji wa spea anasemaje inaingia? Halafu spoku. Habu mpya ina sahani (zile za pembeni zinazoshika spoku) kubwa zaidi, kwa hiyo spoku zangu zimekuwa ndefu, zinatokeza upande wa tyubu. Hesabuni wenyewe: fremu, krenki, spoku 36. Kilichosalimika ni pedeli na kiti.

Nimempigia. "Kaka, si ungenipa vipimo." Vipimo! Nilikuuliza mara mbili, ukanijibu maneno mawili! Akaongeza kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudishwi. Sasa ningeijaribu ikiwa ndani ya boksi?

Meseji zote ninazo. Anayejua namna ya kufikisha malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) mtu ukiwa huku kusini anielekeze, maana kufunga safari ya kilomita 560 hivi kwenda kudai 280,000, nauli na malazi vitaila yote. Wale wa "ungenunua mpya", piteni kimya kimya leo.

Na kama kuna mtu, hata Lindi au Masasi, ana fremu ya inchi 20 yenye vishikizo vya 42, hata kama rangi imebanduka, aje PM haraka. Jumamosi ijayo nina harusi Mikindani, na mama wa bibi harusi ameshasema anamtaka "yule kijana wa tairi moja".