Mnasihi wangu hanipi jibu: niendelee naye au niache?

Mleta uzi

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu katika jambo linaloninyima utulivu. Kwa wiki 11 sasa nimekuwa nikionana na mnasihi, dakika 50 kila wiki, tangu mimi na mume wangu tulipotengana nami nikashindwa kuamua kama nirudiane naye au nianze maisha mapya. Siku ya kwanza alinieleza kwamba anafuata unasihi unaomlenga mteja, na kwamba mimi ndiye nitakayechagua tuzungumze nini. Nilikubali bila kuelewa vizuri nilichokubali.

Kila ninapomuuliza, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?", hanijibu. Hunitazama kwa upole na kusema kitu kama, "Nasikia umechoka kubeba uamuzi huu peke yako." Ni kweli nimechoka, na mara mbili maneno yake yamenitoa machozi, lakini narudi nyumbani na swali lile lile. Juma lililopita nilinyamaza karibu dakika kumi nikisubiri aseme neno, naye akanyamaza pamoja nami.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivi. Najikuta nikimuwaza katikati ya wiki, nikijiuliza kama ananijali kweli au anatimiza tu kazi anayolipwa, na wazo hilo linaniumiza kuliko nilivyotarajia. Nimefikiria kuacha kwenda bila kumuaga. Nifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, dada. Mimi ningehama. Wapo wanaotumia tiba ya fikra na tabia, ambao hukupa mazoezi ya kufanya nyumbani na kuyapitia pamoja nawe mnapoonana tena. Kwangu ilifaa, kwa sababu nilihitaji mtu wa kunipangia hatua.

Mchangiaji wa pili

Dada yangu, mimi ni mnasihi wa njia hiyo hiyo, kwa hiyo yapime maneno yangu ukijua ninaposimama. Mwanzilishi wake, Carl Rogers wa Marekani, hakuanza kazi kwa kukataa kutoa ushauri. Alipokuwa akiwahudumia watoto mjini Rochester, alionana mara nyingi na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mtukutu kupita kiasi. Rogers aliamini kwamba chanzo ni mama huyo kumkataa mtoto tangu akiwa mdogo, akajitahidi kwa kila njia kumfanya alione hilo, wasifike popote. Mwishowe wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakaagana. Mama alipofika mlangoni akageuka na kuuliza kama huwa anawapokea na watu wazima. Alirudi kuketi, akamwaga uchungu wa ndoa yake, habari tofauti kabisa na ile aliyokuwa ameitoa mwanzoni, na hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, hata mtoto naye akanufaika. Rogers alijifunza kwamba mteja ndiye ajuaye panapouma.

Mwaka 1957 aliandika masharti sita ambayo, kwa maoni yake, yanatosha kumwezesha mtu kubadilika. Matatu yanajulikana zaidi: mnasihi awe mkweli wa nafsi, yaani asivae uso wa kitaalamu unaoficha anachohisi, amthamini mteja bila masharti, na auone ulimwengu wa mteja kana kwamba ni wake, bila kupoteza hilo "kana kwamba". La sita husahaulika, nalo ndilo linalokuhusu: ni lazima mteja mwenyewe ahisi, walau kwa kiasi kidogo, kwamba anathaminiwa na kueleweka. Mnasihi anaweza kukujali kwa moyo wote, lakini kujali kusikokufikia hakutimizi sharti hilo. Kwa hiyo swali lako la kama anakujali kweli si la pembeni wala la aibu. Ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayepaswa kulisikia ni yeye.

Naomba pia niseme kosa letu sisi wanasihi. Wapo wanaogeuza njia hii kuwa ukasuku wa kurudia maneno ya mwisho ya mteja, kisha wakajificha nyuma yake. Ukiuliza swali la wazi una haki ya jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe ni kwamba anahofia akikuamulia utaishi maisha aliyoyachagua yeye.

Mchangiaji wa tatu

Nilikaa kwa mnasihi wa namna hiyo zaidi ya mwaka mmoja, na nilifika mahali hapo hapo ulipo. Nilimwambia kwa hasira kwamba ukimya wake unanifanya nijione nimetupwa. Hakujitetea. Alisema amesikitika, na kwamba yeye alidhani ananipa nafasi. Nilipotoka siku ile ndipo nilipotambua kwamba tangu utotoni sikuwahi kumlalamikia mtu mzima nikabaki napokewa. Uamuzi niliokuwa nikiuhangaikia nilikuja kuufanya miezi kadhaa baadaye, tena bila kumuuliza mtu.

Mchangiaji wa nne

Nigusie lile la kumuwaza. Aprili 1957 Rogers alijadiliana hadharani na mwanafalsafa Martin Buber katika Chuo Kikuu cha Michigan. Rogers alishikilia kwamba katika nyakati bora za tiba mnasihi na mteja hukutana wakiwa watu sawa; Buber hakukubali kwamba usawa huo unakamilika, maana mmoja amekuja kusaidiwa na mwingine hakuja kwa hilo. Mimi nadhani wote wawili waliona sawasawa. Kujaliwa kwako kunaweza kuwa kwa kweli kabisa na bado kukawa na mipaka ya muda, mahali na malipo. Mipaka hiyo inakulinda wewe, ili usilazimike kumtunza yeye. Ila siku akivuka na kutaka urafiki wa nje, mapenzi au biashara, ondoka mara moja na umripoti kwa chama chake cha kitaaluma.

Mleta uzi

Ahsanteni sana. Sikujua kwamba malalamiko yangu yanaweza kupelekwa mle mle chumbani. Nitakwenda wiki ijayo, lakini naogopa nitakapoketi maneno yatapotea. Naanzaje?

Mchangiaji wa pili

Yaandike haya uliyotuandikia, hasa aya ile ya mwisho, kisha umsomee kama yalivyo. Ukishindwa kusoma, mpe karatasi asome mwenyewe ukiwa umeketi hapo. Baada ya hapo mtazame atakavyokupokea. Akikupokea kwa ukweli, mpe wiki kadhaa zaidi. Akikwepa, au akikurudishia maneno yako matupu, basi hama kama alivyokushauri mwenzetu wa kwanza, lakini muage.

Mleta uzi

Nimeanza kuandika.