Elfu kumi kwenda kumtazama kinyonga anakufa kwa kiu katikati ya msitu wa mvua

Wakuu, nina hasira, mnivumilie na maandishi.

Jumapili nimepandisha familia Usambara Mashariki kutokea Muheza, gari linalia kona baada ya kona, kisa watoto wanataka "zoo ya msituni". Jina silitaji. Kiingilio elfu kumi mkubwa, elfu tano mtoto, na elfu tano nyingine ya kupigia picha kwa simu. Kwa simu! Risiti hakuna.

Banda la kwanza kinyonga wa pembe tatu, kafungiwa kwenye sanduku la wavu, juu bati. Macho yamedidimia, ngozi imekunjamana kama soksi kuukuu. Namuuliza kijana anayetutembeza, huyu anakunywa nini? Ananionyesha bakuli. "Maji hayo hapo mzee, hana shida." Jamani, kinyonga na bakuli wapi na wapi? Yeye hulamba matone kwenye majani. Na hatua mbili nje ya banda majani yanachuruzika, maana Amani, huko huko Usambara Mashariki, inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka! Ng'oa bati moja tu, mnyama anakunywa. Tena ni wa hapo hapo, hata jina lake la kisayansi limetokana na Derema, mahali kwenye milima hiyo hiyo.

Kwa mbega ndiyo balaa. Wageni tunauziwa slesi za mkate, mia tano moja, tumrushie. Mbega ni mla majani, tumbo lake lina vyumba vyumba karibu kama la ng'ombe, mkate unamchachia humo gesi inajaa. Huyu alikuwa kavimba hadi binti yangu akauliza atazaa lini. Ni dume. Wenzake wanaruka juu ya mti nyuma ya choo, bure kabisa, na yeye kageuza shingo anawatazama.

Nikaomba kuonana na meneja: kaenda Tanga. Leseni ya wanyamapori? Iko ofisini. Ofisi? Imefungwa, ufunguo anao meneja. Mwenye kujua pa kupeleka malalamiko wakasikiliza kweli, aniwekee hapa.

Kabla ya kuondoka nikakata kitawi kilicholowa, nikakipenyeza kwenye wavu. Kinyonga akatulia kwanza. Kisha mdomo ukaanza kwenda, taratibu, tone baada ya tone. Wanangu kimya.

Yule kijana akanisogelea: "Mzee, kulisha wanyama ni elfu mbili."